Huyu Ametoka Wapi?

Somo: Yohana 1:43–51, Mathayo 1:1–16

Ninyi mlio nyumbani na redio iko juu ya meza, ninyi mlio mashambani Rongo na Awendo, ninyi mnaorudi kutoka ziwani huko Karungu, Mbita na Sindo mkiwa hamkulala usiku kucha, na ninyi wagonjwa mlio vitandani, Bwana awe nanyi. Kama Biblia iko karibu, fungueni Injili ya Yohana, mlango wa kwanza, mstari wa 43. Kama haiko karibu, msihangaike, nitawasimulia.

Filipo amekutana na Bwana Yesu. Kama ilivyo desturi ya mtu aliyepata habari njema, hakuweza kukaa nayo peke yake. Alikwenda kumtafuta rafiki yake Nathanaeli, akamweleza kwamba yule ambaye Musa na manabii waliandika habari zake amepatikana, naye ni Yesu, mwana wa Yusufu, mtu wa Nazareti. Nathanaeli aliyasikia yote hayo, lakini sikio lake lilishika neno moja tu, lile la mwisho. Habari ya Musa hakuiuliza. Habari ya manabii hakuiuliza. Aliuliza kama kijiji kile kinaweza kutoa kitu cha maana.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi wetu hulipita. Nathanaeli mwenyewe alitoka wapi? Injili hii hii, katika mlango wa 21, inatueleza kwamba alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya. Kana si Yerusalemu. Kana si Roma. Ni kijiji cha pale pale, vilima vichache kutoka Nazareti. Mtu wa Yerusalemu aliwacheka wote wawili, pamoja na usemi wao, maana twajua jinsi Petro alivyotambulikana kwa usemi wake usiku ule penye moto. Lakini aliyeidharau Nazareti siku hii alikuwa jirani. Nasi twayajua mambo haya. Mtu wa Nairobi hajui tofauti ya Ndhiwa na Nyatike. Kwake sisi sote ni watu wa ziwani, basi. Ni sisi wenyewe kwa wenyewe tunaojua ni kilima gani kinachostahili kudharauliwa.

Nampenda Filipo kwa sababu hakubishana. Angeweza kuanza kuitetea Nazareti, akataja visima vyake na watu wake wema. Yeye alimwalika tu rafiki yake aende akaone. Na Bwana Yesu alipomwona Nathanaeli akija, hakumkemea, wala hakumkumbusha habari ya Kana. Alimsifu kuwa ni mtu asiye na hila ndani yake. Hapo ndipo ninapoogopa kidogo. Tungependa kufikiri kwamba dharau ni ya watu wabaya, walevi na wenye kiburi wa mjini. Kumbe mtu mnyofu, mcha Mungu, mwenye kumngoja Masihi kwa saburi chini ya mtini wake, naye aweza kuwa nayo.

Tena iko habari nyingine katika mlango wa saba. Wakuu walikuwa wakishauriana jinsi ya kumkamata Yesu, na Nikodemo, ambaye alikuwa mmoja wao, akajaribu kuwauliza kama sheria yao humhukumu mtu bila kumsikia kwanza. Swali zuri. Hawakulijibu. Walimwuliza kama yeye naye ametoka Galilaya, kisha wakamwagiza achunguze Maandiko, aone kwamba huko hakutoki nabii.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa Agano Jipya, mtu mpole asiyepaza sauti kamwe, alitufundisha sehemu hii kwa njia ambayo sijaisahau. Hakueleza neno. Alituambia tufungue Wafalme wa Pili, mlango wa 14, mstari wa 25. Hapo tukasoma habari ya Yona, mwana wa Amitai, nabii, mtu wa Gath-heferi. Kisha akatuambia tufungue ramani iliyo nyuma ya Biblia, tuweke kidole juu ya Gath-heferi. Iko Galilaya. Tena si Galilaya tu, iko mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Nazareti. Mwalimu akafunga Biblia yake, akatuambia twende tukanywe chai.

Wakuu wale waliyajua Maandiko kwa moyo. Walikuwa wameyasoma tangu utoto. Lakini dharau iliwasahaulisha nabii mzima, pamoja na samaki wake.

Sasa tazameni orodha ya ukoo wa Bwana wetu katika Mathayo mlango wa kwanza. Najua wengi huiruka. Msomaji wa kanisa akipewa sehemu hiyo Jumapili, utamwona anatoa jasho kwa majina. Lakini kumbukeni aliyeiandika. Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Mtu wa namna hiyo anajua kuandika daftari, na anajua pia namna ya kuficha jambo ndani ya daftari. Kama angetaka kumtengenezea Bwana ukoo wa kupendeza, angeweza. Hakuwa na haja ya kutaja wanawake. Katika orodha za namna hiyo mara nyingi hawakutajwa. Naye aliwataja wanne kabla ya kufika kwa Mariamu, na hakumchagua Sara wala Rebeka. Alimchagua Tamari, ambaye habari yake na mkwewe Yuda hatuisomi shuleni. Alimchagua Rahabu wa Yeriko, na kazi yake mnaijua. Alimchagua Ruthu, Mmoabi. Na yule wa nne hakumtaja hata kwa jina, alimwita mke wa Uria, ili kila asomaye akumbuke dhambi ya mfalme Daudi.

Nataka tukae na Ruthu kidogo. Alikuwa mgeni, mjane, maskini, wa taifa ambalo Torati ililizuia kuingia katika kusanyiko la Bwana. Alikuja Bethlehemu na mama mkwe wake, akaanza kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Kwetu hapa tungemwita jadak. Kwa ajili yenu wasikilizaji wa mbali niseme kwamba neno hili la Kijaluo maana yake ni mtu aliyekuja kukaa katika nchi ya ukoo mwingine. Amepewa na wenye nchi mahali pa kujenga na pa kulima. Aweza kukaa hapo miaka 50, akaoa, akazaa, akazika, lakini neno lake barazani halina uzito wa neno la mwenye nchi, na siku ya ugomvi wa mpaka ataambiwa arudi kwao. Wakiwa wengi huitwa jodak. Babu yetu Abrahamu alikuwa mmoja wao. Mungu alimwahidia nchi nzima, lakini mkewe Sara alipofariki hakuwa na mahali pa kumzika, ikambidi asimame mbele ya Wahiti na kununua pango kwa shekeli 400 za fedha.

Basi Ruthu aliokota masazo, na mwenye shamba akauliza yule msichana ni wa nani. Ndilo swali lile lile. Lakini Boazi aliuliza apate kumjua, naye alipojibiwa kwamba ni Mmoabi, aliwaagiza vijana wake wasimguse, na wamwangushie masuke kwa makusudi. Kwa nini Boazi alikuwa na moyo huo? Rudini kwenye orodha ya Mathayo. Mama yake Boazi ni nani? Ni Rahabu. Mtoto wa mwanamke wa Yeriko hakuona shida kumpokea mwanamke wa Moabu. Ruthu akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Wakati jadak yule alipokuwa akiinama shambani, mfalme wa Israeli alikuwa tayari njiani.

Huenda mtu akasema, Mchungaji, hayo ni mambo ya kale ya Wayahudi. Haya, tuje Kenya.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mwaka wa 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kituo Rabai, juu vilimani. Walihubiri, walijifunza lugha, waliugua homa, wakapona, wakaugua tena. Mtu wa kwanza kubatizwa pale alikuwa nani? Si mzee wa kaya. Si tajiri mwenye ng'ombe. Alikuwa kilema, jina lake Mringe, naye alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa karibu kufa. Hesabuni wenyewe: miaka saba, makaburi mawili, na mtu mmoja aliyebatizwa akiwa anaiaga dunia. Fikirini kama ingekuwa ripoti ya parishi yenu, mwekahazina amesimama kuisoma mbele ya mkutano. Nani angekubali kutoa sadaka tena mwaka unaofuata? Mringe hakujenga kitu. Hakuacha chama. Lakini leo mtu akitaka kuhesabu Wakristo wa Kanisa letu katika nchi hii, mpaka mtoto aliyebatizwa Jumapili iliyopita, aanze kuhesabu kwa kilema wa Rabai.

Baada ya hapo walikuja watumwa waliowekwa huru. Mmoja wao ni William Jones. Hilo jina la Kiingereza lenyewe linakuonyesha shida yake, maana jina la baba yake liliachwa njiani. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa India, akalelewa na wamisionari karibu na Nasik, akafundishwa uhunzi. Kisha alirudi Afrika kuhudumu Rabai. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, yeye pamoja na mwenzake Ishmael Semler, na hao ndio Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo ya Kianglikana katika nchi yetu. Mwaka huo huo Hannington alifunga safari kwenda Uganda kwa njia mpya, naye Jones akaenda pamoja naye. Walipofika Kavirondo, mahali palipoitwa Kwa Sundu, ambapo leo twapaita Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akaendelea mbele na wachache. Huko Busoga aliuawa mwezi wa Oktoba.

Sasa jiwekeni mahali pa Jones. Askofu amekufa. Pwani iko mbali sana. Watu wana njaa na hofu. Naye ni shemasi wa miezi michache tu, aliyekuwa mtumwa, asiye na ukoo wa kumtetea katika nchi yo yote watakayopita. Aliwakusanya akawaongoza kurudi, mwendo wa majuma mengi, wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886 wakiwa na bendera iliyoandikwa neno Ikabodi, ambalo mlisomao katika Samweli wa Kwanza mtajua maana yake ya huzuni. Vitabu vingi vimemwandika Hannington, na kwa haki, maana alikufa kwa ajili ya imani. Lakini naona kwamba mtu aliyewafikisha wale wengine nyumbani angestahili kutajwa katika mahubiri yetu zaidi ya mara moja katika miaka kumi.

Na hapa kwetu? Nchi hii iliyoitwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, iliona jambo la namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka wa 1906 Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Watoto wa shule za huko wanalijua jina la Carscallen, kijana wa Kanada aliyejifunza Kijaluo mpaka akatunga sarufi yake. Lakini hakuja peke yake. Alikuwapo pia Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, aliyekuwa amesoma Uingereza. Ndugu zetu Waadventista tunatofautiana nao juu ya siku ya Sabato, na sidhani tutapatana wiki hii, lakini ukweli ni ukweli: kati ya wale waliowasha taa ile Gendia alikuwapo mtu mweusi, mgeni kwa Wajaluo kama alivyokuwa mgeni kwa Wazungu. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1914, huyu Nyambo alikwenda London na hati ya malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia ili iwasilishwe kwa mfalme. Wangapi kati yetu wamepata kusikia jina lake?

Mwaka ule ule wa 1906 misheni yetu ya CMS ilianza Maseno, ng'ambo ya ghuba. Je, Kanisa letu la Anglikana lilivukaje kuja huku kusini? Wazee wa makanisa yetu mengi hueleza habari zinazofanana. Si kwamba Askofu alituma mabasi. Walikuja watu wa Gem, na Alego, na Seme, waliobanwa na uhaba wa ardhi kwao. Walikuja kuomba mahali pa kulima Kanyamkago, na Suna, na Kadem. Walikuwa na jembe, mbegu, sufuria, na ndani ya mzigo, Biblia na Kitabu cha Sala. Jumapili walikaa chini ya mti wakasali. Kisha walijenga kibanda cha udongo na nyasi, kisha wakapiga harambee ya mabati. Mchungaji aliweza kuwafikia mara chache sana kwa mwaka. Dayosisi yetu ya Southern Nyanza ilipotengwa na Maseno South mwaka wa 1993, ilirithi makanisa ya namna hiyo. Kwa kifupi, ndugu zangu, sisi ni kanisa la jodak.

Nalisema jambo hili kwa sababu ya kikao kimoja nilichohudhuria. Parishi yenyewe sitaitaja. Ni ya upande wa ziwani, na hilo latosha. Baraza la kanisa lilikuwa likimchagua kijana mmoja wa kupelekwa chuo cha theolojia. Jina lililoletwa lilikuwa la msichana ambaye amefundisha shule ya Jumapili kwa miaka minane bila kukosa. Alizaliwa ufukoni. Mama yake huanika na kuuza omena, wala hakuolewa, na baba hajulikani. Hakuna aliyesema neno juu ya uanamke wake, maana Kanisa letu limewawekea mikono wanawake miaka mingi sasa. Hakuna aliyesema neno juu ya tabia yake wala elimu yake. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, aliuliza tu, kwa sauti ya upole, nyar kanye? Yaani, ni binti wa kutoka wapi? Akaeleza kwamba mchungaji ni lazima awe mtu ambaye nyumba yao yajulikana, la sivyo watu watasema Kanisa limekosa watoto wa watu.

Kikao kilinyamaza. Ndipo mama mmoja wa Muungano wa Kina Mama, mzee sana, ambaye kwa kawaida huja barazani na kusinzia, akafungua macho. Akamwita yule mzee kwa jina ambalo nadhani hakulisikia tangu utoto wake. Akamwambia, "Ja-Gem." Maana yake, wewe mtu wa Gem. Akasema, "Ja-Gem, babu yako alipokuja hapa na mzigo wake kichwani, babu yangu hakumwuliza ukoo wake. Alimwonyesha mahali pa kujenga. Kanisa hili tulilokaa ndani yake liko juu ya shamba lile. Mwanangu, sasa wewe ndiwe unayeuliza?"

Jambo halikwisha siku hiyo. Baraza liliahirishwa mpaka mwezi ujao, na mimi sijui litakatwa vipi. Tulipotoka nje tulipewa chai na mandazi. Chai hiyo aliipika msichana yule yule. Alikuwa jikoni muda wote, nyuma ya ukuta wa mabati, nami sijui alisikia maneno mangapi.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba Mungu anapenda umaskini, au kwamba mtoto akikosa baba ni jambo jema. Sisi wa pande hizi tumezika watu wengi mno kwa ugonjwa wa UKIMWI, tumewaona nyanya wakilea wajukuu saba kwa gorogoro moja la unga, na tunajua biashara inayofanyika katika fuko zetu, ambapo mwanamke hanunui samaki kwa fedha peke yake. Mambo hayo ni uovu, na manabii walipiga kelele juu ya uovu wa namna hiyo. Wala msidanganyike na wahubiri wa siku hizi ambao hujisifu kwamba walikuwa maskini wa kutupwa, kumbe wanataka tu mlitazame gari waliloegesha mlangoni. Daudi hakuchaguliwa kwa sababu kuchunga kondoo kunampendeza Mungu kuliko kazi ya nduguze. Samweli alipoagizwa asitazame kimo cha Eliabu, aliambiwa kwamba Bwana hutazama moyo. Moyo wa mchunga kondoo waweza kuwa mbaya, na wa tajiri waweza kuwa mwema. Kosa letu ni kufikiri kwamba tumekwisha kuuona moyo tukiisha kuujua mlango aliotokea mtu.

Kosa hilo lina gharama. Kama Samweli angemtia mafuta Eliabu jioni ile, Israeli wangebaki bila mchungaji wao. Kama Filipo angeona haya kutaja Nazareti, Nathanaeli angebaki chini ya mti wake, mtu mnyofu asiyemjua Masihi wake. Naye binti asipokwenda chuoni, liko kanisa mahali fulani, Gwassi au Muhuru, ambalo litafungwa kufuli Jumapili tatu kati ya nne kwa kukosa mtu.

Sasa nataka kusema nawe, msikilizaji mmoja mmoja. Wewe kijana uliyeko Nairobi au Mombasa, ambaye ukiulizwa kwenu ni wapi wasema Kisumu, kwa kuwa waona haya kutaja Nyatike. Wewe dada unayemleta mtoto kubatizwa ukakaa kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa watu hugeuka kutazama kama kuna mwanamume amesimama karibu nawe. Wewe mwana wa jadak, ambaye kila mvua ikinyesha unaogopa kwamba jirani atasogeza mpaka. Bwana wetu alizaliwa safarini, akalazwa mahali pa kulishia ng'ombe, akakimbizwa Misri akiwa mchanga, akalelewa katika kijiji ambacho hakikutajwa hata mara moja katika Agano la Kale lote. Alipofufuka na kukaa mkono wa kuume wa Baba, bado alijitambulisha kwa kijiji hicho. Sauli wa Tarso alipoanguka njiani Dameski na kuuliza ni nani anayesema naye, kama Paulo mwenyewe alivyosimulia katika Matendo mlango wa 22, Bwana alijitaja kuwa ni Yesu wa Nazareti. Utukufu wa mbinguni haukumfanya aone haya kwao.

Na wale mnaojiona kuwa wadogo mno, nendeni siku moja mkaone Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kuta zile zilijengwa yapata miaka 500 iliyopita, mawe matupu bila saruji wala udongo, na mwaka wa 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni hupiga picha mawe makubwa ya nje. Lakini waulizeni wanaozitunza jinsi zinavyosimama, nao watawaonyesha kwamba katikati, kati ya safu ya nje na ya ndani, pamejazwa mawe madogo madogo, na hayo ndiyo yanayoshikamanisha yale makubwa. Na mtu mzima akitaka kupita mlango wake ni lazima ainame. Watoto hupita wakikimbia.

Baraza lile litakutana tena baada ya majuma machache. Huenda liko na baraza jingine kama hilo katika parishi yako, au kikao cha posa nyumbani kwako, au orodha ya majina juu ya meza yako ofisini. Tuombe.

Ee Bwana Yesu, mtu wa Nazareti, twamweka mbele zako binti yule, na mama yake anayeanika samaki asubuhi hii. Uwalinde. Twamweka mbele zako mzee wetu wa kanisa, ambaye ni mtumishi wako mwaminifu, umpe kumkumbuka babu yake kwa furaha. Umpe nguvu mama yetu aliyesema, maana miguu yake ni mizito na njia ya kuja barazani ni ndefu. Uwape wazee wote kukaa pamoja siku hiyo bila hasira, nawe uwe katikati yao. Kwa jina lako tunaomba. Amina.